Kompyuta ya afisi isiwe na akaunti moja ya watu wote

Kwako Mhariri,

Ingia zahanati ndogo Kayole, afisi ya chama Umoja, chumba cha walimu Dagoretti au duka la uchapishaji kando ya River Road, utakuta kompyuta moja na watu watatu, wanne au watano wanaoipokezana tangu asubuhi hadi jioni. Mara nyingi mashine hiyo ina akaunti moja tu. Akaunti yenyewe ina mamlaka yote, na ama haina nenosiri, au nenosiri limebandikwa chini ya skrini asije mtu akalisahau. Humo ndimo mhasibu anaweka mishahara, karani anaweka nakala za vitambulisho, daktari anaweka majibu ya maabara, na kijana aliyekuja kusaidia wakati wa likizo anapakua sinema.

Siri ikitoka, lawama huwaendea wadukuzi. Kwa kawaida hakuna aliyedukua chochote. Faili ilikuwa wazi, mtu akaifungua, akaipiga picha kwa simu au akaitia kwenye flashi, basi. Tunakuandikia kwa sababu dawa ya tatizo hili imo tayari ndani ya Windows, hainunuliwi, na kazi yake haizidi alasiri moja. Tungependa wenye afisi waijue. Tungependa zaidi mafundi wenzetu na wauzaji wa Luthuli Avenue na Moi Avenue wakome kumkabidhi mteja mashine yenye akaunti moja isiyo na nenosiri kana kwamba kazi imekwisha.

Sheria nayo haijanyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayeweka habari za watu wengine azilinde, na habari zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Ulinzi wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu uvujaji ujulikane. Afisi ambayo watu watano wanaingia kwa jina moja haiwezi hata kusema ni nani aliyefungua faili. Hilo pekee linatosha kuwaponza wote watano.

Kabla ya hatua zenyewe, kuna kinga mbili za uongo ambazo watu wamezitegemea mno. Ya kwanza ni kuificha folda. Ukiweka alama ya "Hidden", mwenzako anahitaji kubonyeza mara mbili tu kwenye menyu ya "View" ili kila kilichofichwa kijitokeze. Ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inaonekana ya busara: mtu anaunda folda moja kwa moja kwenye C:, yaani diski kuu ya kompyuta, mbali na Desktop, akiamini ameiweka chumbani. Ukweli ni kinyume. Folda mpya ikiundwa kwenye mzizi wa C:, Windows huipa ruhusa ya kusomwa, kubadilishwa na hata kufutwa na kila mwenye akaunti kwenye mashine hiyo. Mahali palipofungwa tangu mwanzo ni ndani ya C:\Users, chini ya jina la kila mtumiaji. Huko mtumiaji wa kawaida haingii kwa mwenzake. C:\Users\Public nayo, kama jina lake linavyosema, ni uwanja wa wote.

Ukitaka kuyaelewa matatizo mengi yanayokuja baadaye, shika jambo moja: Windows haimjui mtu kwa jina lake. Kila akaunti ikiundwa hupewa nambari ndefu inayoanza na S-1-5-21, na nambari hiyo hairudiwi. Kila faili na kila folda ina orodha inayosema nambari fulani inaruhusiwa kusoma, nyingine kubadilisha, nyingine kila kitu. Asiyekuwemo kwenye orodha hana lake. Jina unaloliona kwenye skrini ni kibandiko tu juu ya nambari.

Sasa tuchukue zahanati yenye watu wanne: daktari ambaye ndiye mwenye mali, muuguzi, mhasibu na karani. Rekodi za wagonjwa ziwe za daktari na muuguzi. Hesabu ziwe za mhasibu na daktari. Fomu, bei na barua za kawaida ziwe za wote. Akaunti iliyopo sasa ibaki kuwa ya msimamizi, ipewe nenosiri la maana, na isitumiwe tena kwa kazi ya kila siku. Wote wanne, hata daktari mwenyewe, wafunguliwe akaunti mpya za watumiaji wa kawaida. Hapa ndipo wakubwa hukasirika, maana wanaona wameshushwa cheo kwenye mashine waliyoinunua. Waelezwe kwa upole kwamba programu mbaya inayoingia kwa kiambatisho cha barua pepe huja na mamlaka ya yule aliyeifungua.

Unaweza kufungua akaunti kupitia "Settings", lakini Windows 11 hukusukuma uweke anwani ya Microsoft, na toleo la Home halina dirisha la kusimamia vikundi. Njia ya amri inafanya kazi kwenye Home na Pro, Windows 10 na 11. Tafuta "cmd", dirisha la kuandikia amri, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Run as administrator". Usitumie PowerShell, dirisha jingine la aina hiyo, kwa amri zilizo hapa chini, kwani mabano yataivuruga. Ikikufungukia hiyo, andika cmd kisha Enter, uendelee.

Anza na watu, mmoja mmoja:

net user daktari * /add
net user muuguzi * /add
net user mhasibu * /add
net user karani * /add

Ile nyota inamaanisha utaulizwa nenosiri. Unapoliandika hakuna kitakachoonekana, hata vitone. Wengi hudhani kibodi imekufa, wakaanza kubonyeza ovyo, na hivyo kuunda nenosiri wasilolijua. Andika tu, Enter, rudia, Enter. Bora zaidi kila mmoja akae mwenyewe kwenye kiti na kuandika lake. Fahamu pia kwamba nenosiri lililowekwa hivi huisha muda baada ya siku 42 na mtumiaji hulazimishwa kulibadilisha. Kwa afisi ndogo hilo huzaa karatasi nyingine chini ya skrini, kwa hivyo tunapendelea liondolewe:

net accounts /maxpwage:unlimited

Kisha vikundi. Hiki ndicho kiini cha kazi yote: ruhusa usimpe mtu, zipe kikundi, halafu mtie mtu kikundini.

net localgroup Tiba /add
net localgroup Tiba daktari muuguzi /add
net localgroup Fedha /add
net localgroup Fedha daktari mhasibu /add

Halafu folda:

mkdir C:\Afisi\Wagonjwa
mkdir C:\Afisi\Hesabu
mkdir C:\Afisi\Wote

Na sasa kufuli, kwa icacls, amri inayopanga ruhusa za folda, kwa mpangilio huu, kuanzia juu kwenda chini:

icacls C:\Afisi /inheritance:r /grant Administrators:(OI)(CI)F SYSTEM:(OI)(CI)F Users:RX
icacls C:\Afisi\Wagonjwa /grant Tiba:(OI)(CI)M
icacls C:\Afisi\Hesabu /grant Fedha:(OI)(CI)M
icacls C:\Afisi\Wote /grant Users:(OI)(CI)M

Mstari wa kwanza unakata urithi kutoka C:, yaani ile ruhusa ya kila mtu inaondoka. OI na CI zinasema ruhusa iteremke hadi kwenye faili na folda zote zilizomo na zitakazokuja. Users, yaani kikundi cha watumiaji wote wa mashine, wamepewa RX (kusoma na kufungua tu) bila OI wala CI, kwa hivyo kila mtu anaweza kuifungua C:\Afisi na kuona majina ya folda tatu, lakini ruhusa hiyo haiteremki ndani. SYSTEM usiiondoe, maana huduma nyingi za mashine yenyewe, ikiwemo kinga ya virusi, hufanya kazi kwa jina hilo. Kama mashine ni ya mtumba kutoka Ujerumani au Ufaransa na Windows yake bado ni ya huko, jina "Administrators" halitatambuliwa. Andika *S-1-5-32-544 badala yake, na *S-1-5-18 badala ya SYSTEM. Users nayo ni *S-1-5-32-545.

M ni ruhusa ya kusoma, kuandika, kubadilisha na kufuta. F inaongeza uwezo wa kubadilisha ruhusa zenyewe na kujitwalia umiliki. Usimpe mtu F eti kwa sababu "anaaminika". Anayeaminika hahitaji kubadilisha kufuli, anahitaji kufanya kazi yake. Na kama karani anapaswa kusoma hesabu fulani bila kuzigusa, ziwekee folda yake ndogo na umpe kikundi chake RX.

Ukimaliza, andika icacls C:\Afisi\Hesabu peke yake, Enter, usome orodha inayotokea. Palipo na (I) ni ruhusa iliyorithiwa kutoka juu. Ukiona "Everyone" au "Authenticated Users", ambavyo ni vikundi vya kila mtu, kuna ulichoruka. Kisha fanya jaribio ambalo mafundi wengi hawalifanyi: toka kwenye akaunti ya msimamizi, ingia kama karani, ujaribu kuifungua Hesabu. Ikikataa, ingia kama mhasibu, unda faili humo, uifungue tena ukiwa daktari na uibadilishe. Bila jaribio hili umefanya kazi ya kudhania.

Hitilafu ya kwanza itakayokuja, na itakuja wiki ileile, ni hii. Mhasibu alikuwa na faili ya mishahara kwenye Desktop yake. Anaikata na kuibandika kwenye C:\Afisi\Hesabu, au anaiburuta tu. Daktari akiigusa anaambiwa hana ruhusa, ingawa faili jirani zinafunguka vizuri. Sababu ni kwamba faili ikihamishwa ndani ya diski ileile inaondoka na orodha yake ya zamani, ile iliyosema ni ya mhasibu peke yake. Ikinakiliwa, nakala mpya huchukua ruhusa za folda inakoingia. Kwa hivyo wafundishe watu kunakili kwa Ctrl+C na Ctrl+V, kisha wafute ya zamani. Waanzie huko huko kwenye kuleta faili za zamani kutoka akaunti ya msimamizi. Zilizokwishahamishwa vibaya, msimamizi anazirekebisha hivi:

icacls C:\Afisi\Hesabu\* /reset /T

Ile nyota ya mwisho isisahaulike. Ukiiacha, amri itaifuta pia ruhusa uliyoipa folda yenyewe, kikundi cha Fedha kitafungiwa nje, na utapigiwa simu kabla hujafika kituo cha matatu.

Ya pili ni ya kusubiri bure. Umemwongeza mtu kikundini, anajaribu, anakataliwa. Uanachama wa kikundi husomwa mtu anapoingia kwenye akaunti. Atoke kabisa kwa "Sign out", aingie tena. Kufunga skrini kwa Windows+L hakutoshi.

Ya tatu ni kisanduku cha "Deny", ambacho fundi mwenye haraka hukipenda sana. Anataka kumzuia karani, anamkataza kundi la Users au Everyone. Karani ni wa Users, mhasibu naye ni wa Users, na katazo lililowekwa moja kwa moja linaishinda ruhusa iliyowekwa moja kwa moja. Ofisi nzima inalala nje. Ukitaka mtu asiingie, usimweke kwenye orodha. Katazo lisiguswe.

Ya nne inahusu kitufe cha "Continue". Msimamizi akibofya folda isiyo yake, Windows humwambia kwa sasa hana ruhusa, na kumwonyesha kitufe hicho chenye ngao. Watu hukibonyeza bila kufikiri. Kumbe hakifungui mlango kwa mara hiyo tu: kinaiandika akaunti ile kwenye orodha ya folda na vilivyomo, ikae humo daima. Mwaka ujao akaunti hiyo ikishushwa kuwa ya kawaida na kupewa mtu mwingine, mtu huyo ataikuta folda ya mishahara iko wazi na hakuna atakayejua kwa nini. Hii ndiyo sababu tunasisitiza akaunti ya msimamizi isitembezwe kwenye folda za watu.

Ya tano huwatoa watu jasho baada ya kompyuta kuwekewa Windows upya. Fundi amehifadhi D:, sehemu ya pili ya diski yenye faili, akaweka mfumo mpya, akafungua akaunti yenye jina lilelile na hata nenosiri lilelile, na bado faili zinakataa. Ukitazama orodha ya ruhusa unaona "Account Unknown" na ile nambari ndefu. Jina limerudi, nambari haikurudi. Msimamizi atwae umiliki, kisha arejeshe ruhusa:

takeown /F D:\Hesabu /R /A /D Y
icacls D:\Hesabu /reset /T

Baada ya hapo apange vikundi na kufuli upya. /A inaufanya umiliki uwe wa wasimamizi wote badala ya fundi aliyekuwa zamu siku hiyo.

Kuna malalamiko mengine ambayo si ya ruhusa hata kidogo lakini huletwa kama ya ruhusa. Daktari anafungua jedwali la Excel na kuambiwa limefungwa kwa sababu mtu anaandika humo. Mhasibu aliondoka kwa "Switch user" akaliacha wazi, na programu yake bado inaendelea kule nyuma. Mashine yenye kumbukumbu ya GB 4 nayo itakuwa inajikokota kwa kubeba watu wawili kwa pamoja. Utaratibu uwe kutoka kwa "Sign out" kila mtu anapoacha kiti kwa zamu. Hata stima ikipotea, atakayepoteza kazi isiyohifadhiwa atakuwa mmoja.

Flashi zinastahili onyo lao. Nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32 au exFAT, ambao haujui ruhusa kabisa. Faili iliyofungwa barabara kwenye C:\Afisi ikinakiliwa kwenye flashi inakuwa ya yeyote anayeiokota flashi. Hali ni ile ile kwa diski ya nje inayotunza nakala rudufu. Afisi inayofunga folda kwa vikundi kisha ikaacha diski ya nakala juu ya meza haijafunga chochote. Ifungie kabatini, au isimbe, yaani yaliyomo yasisomeke bila ufunguo.

Hapo tunafika kwenye mpaka wa njia hii, na fundi mkweli humwambia mteja mapema. Ruhusa za faili zinatekelezwa na Windows inapokuwa macho. Mtu akiiwasha mashine kwa flashi ya Linux, au akaichomoa diski na kuitia kwenye mashine nyingine, orodha zile hazimzuii. Msimamizi naye anaweza kutwaa umiliki wa chochote. Na mfumo usiopata viraka vya usalama huacha nyufa ambazo mtumiaji wa kawaida anaweza kuzitumia kujipandisha cheo. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza.

Dhidi ya mwizi wa mashine, dawa ni kuisimba diski nzima. Toleo la Pro lina BitLocker. Home haina BitLocker kamili, ingawa mashine kadhaa za karibuni zina usimbaji wa kifaa ambao hujiwasha wenyewe mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft. Jihadharini sana hapa. Ufunguo wa kurejesha, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika kuiandaa mashine. Ikiwa fundi aliiandaa kwa akaunti yake mwenyewe, ufunguo wa rekodi za wagonjwa wako uko kwake, na siku mashine itakapoudai, utamtafuta mtu ambaye huenda amekwishahama duka. Uchapishe ufunguo huo na uutunze mahali pengine, mbali na kompyuta. Kwa faili moja nyeti, nenosiri la kuifungua linalowekwa ndani ya Excel hufanya usimbaji wa kweli, lakini kile cha "Protect Sheet" huzuia tu mkono usiteleze, hakilindi siri.

Tuseme neno kuhusu vivinjari. Kila akaunti ya Windows ina Chrome yake, manenosiri yake na WhatsApp Web yake, na hiyo ni faida kubwa ambayo watu huiona siku ya kwanza. Lakini kufungua majina mengi ndani ya Chrome huku wote mko kwenye akaunti moja ya Windows si ukuta. Yeyote anabofya jina la mwenzake na kuingia. Kwa saiba, ambako wateja huja na fomu za KRA, eCitizen na HELB, kompyuta ya mteja iwe na akaunti ya kawaida isiyogusa faili za duka, na Chrome ifunguliwe kwa hali ya mgeni. Hali hiyo hufuta historia na kuingia kwa tovuti, ila haifuti kilichopakuliwa. Folda ya Downloads ya saiba nyingi za mjini imejaa vyeti vya PIN, vitambulisho vya pande zote mbili na barua za kazi za watu wasiojua kwamba waliviacha. "Storage Sense" inaweza kuwekwa ifute vitu vya Downloads visivyofunguliwa kwa siku 1, lakini siku nzima ni ndefu mno kwa saiba. Mhudumu aifute mteja anapolipa, akiwa bado amesimama hapo, na alimwage pia pipa la taka.

Shule zinazotumia Ubuntu, mfumo wa aina ya Linux, badala ya Windows zina njia fupi zaidi. Tangu toleo la 21.04, folda ya nyumbani ya kila mtumiaji mpya imefungwa kwa wengine. Folda ya pamoja ya walimu wa mtihani huundwa hivi:

sudo groupadd mtihani
sudo usermod -aG mtihani mwalimu1
sudo mkdir -p /srv/mtihani
sudo chgrp mtihani /srv/mtihani
sudo chmod 2770 /srv/mtihani
sudo setfacl -d -m g:mtihani:rwx /srv/mtihani

Ile 2 mwanzoni mwa 2770 hufanya kila faili mpya iwe ya kikundi, na mstari wa mwisho huhakikisha wenzake wanaweza kuiandika. Kwenye usermod, herufi a ikisahaulika, mtumiaji huondolewa vikundi vyake vingine vyote vya nyongeza. Akiwa ndiye msimamizi pekee, amejivua mamlaka kwa amri moja.

La mwisho ni mfanyakazi anapoondoka. Siku hiyo hiyo, kabla hajarudisha ufunguo wa mlango, msimamizi aandike:

net user karani /active:no

Akaunti inalala, faili zinabaki. Usikimbilie "Settings" na kitufe cha "Delete account and data", kwani kinafuta Desktop na Documents zake pamoja na barua za afisi zilizokuwa humo. Subiri mwezi, nakili kilicho cha afisi kuingia C:\Afisi, ndipo ufute. Nenosiri la msimamizi kama alilijua libadilishwe, na simu yake iondolewe kwenye WhatsApp Web ya kazi. Karani mpya akija usimrithishe akaunti ya mwenzake. Mfungulie yake na umtie kikundini kwa mstari mmoja wa net localgroup. Folda zinazomhusu zitamfungukia zenyewe, na hutakuwa na haja ya kugusa icacls tena.

Mafundi wa kompyuta,
Nairobi